Kuhamisha njia ya kupumulia ya injini ya dizeli kwenye pikapu: mambo ya kupima kabla hujakata mpira

Fundi akifungua paipu ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD au 2KD, mara nyingi vidole vyake hutoka vimelowa oili. Mwenye gari akiona hivyo hushtuka, na ushauri wa haraka anaoupata gerejini huwa ni huu: mpira wa kupumulia, unaotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), uchomolewe kwenye paipu ya hewa, uelekezwe chini ya gari, oili idondoke barabarani badala ya kuingia kwenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Ni kazi fupi na haihitaji spea za bei kubwa. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini unaruka swali la kwanza: injini inatoa pumzi kiasi gani, na pumzi hiyo inatokea wapi?

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba moja kwa moja. Dizeli inapowaka, shinikizo juu ya pistoni hupita bar 100, na sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa ringi hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Gesi hiyo ndiyo pumzi ya injini; imebeba masizi, mvuke wa maji na mabaki ya mafuta. Ikikutana na oili inayorushwa na krenkshafti, huondoka na ukungu wa oili pia. Lazima itoke. Ikikosa njia, shinikizo hupanda ndani ya bloku na oili hutafuta mlango wake yenyewe: oili sili za mbele na nyuma za krenkshafti, gaskiti ya tapeti kava, na mara nyingine dipstiki hujisukuma ikatoka.

Kuna mhanga mwingine ambao wengi hawamfikirii, nao ni turbo. Oili inayolainisha shafti ya turbo hurudi kwenye sampu kwa kushuka yenyewe, haina pampu ya kuivuta. Shinikizo la sampu likipanda, oili hukwama kwenye paipu ya kurudia, hujaa kwenye kifuko cha beringi na kupita sili za turbo. Gari linaanza kutoa moshi wa bluu, turbo inalaumiwa, inanunuliwa nyingine, na baada ya miezi michache moshi umerudi.

Injini za zamani zilimaliza suala hili kwa bomba lililoelekea chini, gesi ikatoka nje. California ilianza kudai magari mapya ya petroli yairudishe gesi hiyo ndani ya injini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dizeli zenye turbo za magari mazito ziliendelea kusamehewa nchini Marekani hadi kanuni za modeli za 2007 zilipoondoa msamaha huo. Ndiyo maana injini ya Cummins ya lita 5.9 kwenye pikapu za Dodge ilipumulia nje, na ile ya lita 6.7 iliyoifuata mwaka 2007 ikaja na filta ya kuchuja oili juu ya injini. Desturi ya kuhamisha mpira imeenea sana kwa wenye pikapu za huko, hasa Ford yenye Power Stroke ya lita 7.3 na Chevrolet yenye Duramax, kwa sababu injini hizo hurudisha pumzi yake kwenye mdomo wa turbo. Hilux ya 1KD na 2KD hufanya vivyo hivyo: mpira hutoka kwenye tapeti kava na kuungwa kwenye paipu iliyo kati ya filta ya hewa na turbo.

Turbo huvuta hewa pale, kwa hiyo huvuta na ukungu wa oili. Oili hupita kwenye impela (gurudumu la turbo linalosukuma hewa), huingia intakula na kutanda ndani ya mirija yake, na utando huo hupunguza uwezo wa intakula kupoza hewa. Mipira ya intakula isiyostahimili oili hulainika, huvimba, na siku gari limebeba mzigo kwenye mlima inachomoka. Kwenye injini yenye EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya ekzosi ndani ya injini) hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa masizi makavu ya ekzosi hukutana na oili kwenye manifoldi na kuwa kitu kizito cheusi kama lami, kinachobana njia ya hewa mwaka hadi mwaka. Filta ya hewa ikiziba, mvuto kwenye paipu huongezeka na oili inayonyonywa huongezeka nayo. Ikizidi kabisa, injini ya dizeli inaweza kuanza kuwaka kwa oili yake yenyewe, mizunguko ikapanda bila kukanyagwa na kuzima swichi kusisaidie. Hapo kinachosaidia ni kuikata hewa, au kwa gia ya mkono, kushika breki, kuweka gia ya juu na kuachia klachi.

Kwa hiyo sababu ya kutaka kuhamisha mpira ni halali. Tatizo ni kuhamisha bila kupima.

Oili kiasi gani ni ya kawaida?

Utando mwembamba unaopaka kidole ndani ya paipu ya turbo ni wa kawaida kwa gari lililotembea kilomita nyingi. Oili inayotiririka ukiinamisha paipu, au dimbwi chini ya intakula, si kawaida.

Kabla ya kuulaumu mpira wa kupumulia, chunguza oili inaanzia wapi. Fungua paipu inayotoka filta ya hewa hadi turbo. Sehemu iliyo upande wa filta inatakiwa iwe kavu. Ikiwa unyevu unaanzia pale mpira wa kupumulia unapoungwa na kuendelea kuelekea turbo, basi pumzi ya injini ndiyo inayoleta oili. Ikiwa paipu ni kavu hadi kwenye impela, halafu upande wa pili wa turbo umelowa chapachapa, oili inatoka kwenye sili za turbo. Utahamisha mpira na hutapata faida yoyote. Angalia paipu ya oili ya kurudia kama imejaa kaboni au imepindwa, pima mchezo (ulegevu) wa shafti ya turbo, na usisahau kiwango cha oili kwenye dipstiki. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu hupigwapigwa na krenkshafti na kutoa ukungu mwingi, na dawa yake ni kupunguza oili tu.

Pumzi ikizidi, tafuta chanzo

Mafundi wengi wakiona moshi mwingi kwenye mdomo wa kujazia oili husema ringi zimekwisha, injini ifanyiwe ovaholi. Ringi ni chanzo kimojawapo. Pampu ya vakyumu ya breki nayo, katika injini nyingi za dizeli, hutoa hewa yake ndani ya injini. Busta (kiongeza nguvu cha breki) ikivuja au mpira wa vakyumu ukipasuka, pampu husukuma hewa mfululizo kwenye sampu. Ni rahisi kujua: injini ikiunguruma na gari limesimama, bana mpira wa vakyumu kwa koleo laini. Ikiwa pumzi kwenye mdomo wa oili inapungua mara moja, umepata mhalifu na ringi zako huenda ni nzima. Turbo iliyochoka pia hupitisha gesi ya ekzosi kwenye paipu yake ya kurudishia oili hadi kwenye sampu.

Kwenye 1KD na 2KD kuna chanzo kingine, na hiki ndicho kinachofanya kuhamisha mpira bila uchunguzi kuwe hatari. Nozeli za injini hizi, zinazopulizia dizeli, zimesimama ndani ya eneo lililofunikwa na tapeti kava. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayoziba gesi ya mwako. Washa ikishindwa, gesi hupanda pembeni mwa nozeli na kuingia moja kwa moja chini ya tapeti kava, ikiwa na masizi yake yote. Masizi hayo huungana na oili, huganda na kuwa vipande vigumu vya kaboni kuzunguka nozeli, na vipande hivyo hushuka hadi kwenye sampu. Huko huziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili inapowaka, beringi za krenkshafti tayari zimeanza kuungua.

Dalili za mapema ni sauti ya kupuliza “chaf-chaf” asubuhi injini ikiwa baridi, oili kuwa nyeusi na nzito upesi baada ya kubadilishwa, na kaboni ngumu ukichungulia kwenye mdomo wa oili. Dalili nyingine kubwa ni oili na moshi kuongezeka kwenye njia ya kupumulia. Ukiuelekeza mpira chini ya gari, dalili hiyo umeitupa barabarani. Intakula itabaki safi huku chujio linaendelea kuziba. Washa hizo ni za kutumika mara moja; nozeli ikitolewa, weka mpya, safisha kikalio chake hadi kiwe cheupe, na ukishafunga paipu za marejesho zijaribiwe kwa shinikizo, maana dizeli ikivuja pale inaingia kwenye oili. Injini iliyokuwa na uvujaji huo ishushiwe sampu na chujio lioshwe. Kubadilisha washa peke yake hakutoshi.

Kupima kwa mpira na maji

Jaribio la kulegeza kifuniko cha oili na kutazama kama kinarukaruka halitoshi. Kifuniko kinaweza kutikiswa na upepo wa cheni au gia tu. Kipimo cha maji kinatengenezwa hapohapo gerejini. Chukua mpira mwangavu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 hadi 8, urefu wa mita tatu. Kwenye ubao wa wima funga sehemu yake kwa umbo la U, kila mguu sentimita 50, na ubandike rula katikati. Jaza maji hadi nusu, yatie rangi kidogo. Mguu mmoja ubaki wazi, mwingine uunge kwenye tundu la dipstiki kwa kipande cha mpira kinachobana vizuri. Ubao ukae chini kuliko tundu hilo ili maji yasiweze kuvutwa kuingia kwenye injini.

Tofauti ya sentimita moja kati ya miguu miwili ni sawa na milibari moja. Pima injini ikiwa ya moto: kwanza bila kukanyaga, kisha kwenye mizunguko 2,500. Kipimo chenye maana zaidi ni cha injini yenye mzigo, kwa hiyo ikiwezekana pitisha mpira hadi ndani ya kabini, msaidizi asome wakati gari linapanda mlima mrefu kwa gia ya tatu. Mfumo wa kiwandani ulio mzima husoma karibu na sifuri au chini kidogo, kwa sababu turbo inavuta. Kitabu cha injini yako kikitaja kikomo, fuata hicho. Maji yakipanda kadiri mizunguko inavyoongezeka, kuna njia iliyobanwa au pumzi imezidi. Andika namba zote. Utazihitaji baada ya kazi.

Ikiwa mvuto ni mkubwa hadi kifuniko cha oili kinang'ang'ania, kagua kiwambo cha mpira kilicho kwenye valvu ya kupumulia kwa injini zenye valvu hiyo. Kikipasuka hushindwa kudhibiti mvuto na oili hunyonywa kwa wingi.

Kopo la kunasia oili, au kutoa nje?

Kwa pikapu ya kazi, chaguo bora ni kuweka kopo la kunasia oili katikati ya njia na kuurudisha mpira kwenye paipu ya turbo. Gesi inaendelea kuvutwa, oili inabaki kwenye kopo. Lakini kopo tupu halinasi kitu. Ukungu huingia huku na kutokea kule. Linalofaa lina chujio la nyuzi au vizuizi vya ndani vinavyoilazimisha gesi igeuke. ProVent 200 ya Mann+Hummel, inayofungwa sana kwenye pikapu za Australia, ina chujio la kubadilishwa, midomo ya milimita 25 na valvu ya usalama inayofunguka chujio likiziba. Valvu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipia kopo la maana. Kopo la bei rahisi lisilo nayo likiziba, umeiziba injini yako pua.

Kutoa nje kabisa kunaondoa oili yote kwenye turbo na kunapendwa kwa urahisi wake. Gharama yake ni harufu, matone chini ya gari, na gesi chafu wanayovuta walio nyuma yako kwenye foleni. Marekani, kuondoa au kuharibu sehemu ya mfumo wa kudhibiti uchafuzi ni kosa chini ya Clean Air Act, na baadhi ya injini mpya huwasha taa ya injini zikigundua mpira umechomolewa. Gari lenye dhamana lisiguswe.

Katika njia zote mbili, kipenyo kinaamua mengi. Pima mdomo wa tapeti kava kwa venia (kipimo cha kipenyo) na usishuke chini yake popote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpira wa milimita 12.5 una robo tu ya nafasi ya mpira wa milimita 25. Kwa mpira mrefu wa kwenda chini ya gari, panda saizi moja. Elbo kali za pembe mraba zikwepwe.

Mpira wenyewe uwe wa kustahimili oili na mafuta: naitraili yenye nyuzi, au ule wa silikoni wenye bitana ya ndani inayostahimili oili. Mpira wa hita au wa rejeta, ambao ndio ulio karibu kwenye kila duka la spea, haufai. Ukikutana na oili huvimba kwa ndani, hulainika, na ukuta wake hujikunja ukaziba njia huku kwa nje unaonekana mzima.

Mteremko nao ni lazima. Mpira ushuke mfululizo kutoka kwenye injini hadi kwenye kopo, au hadi chini. Ukiacha bonde, maji na oili hukusanyika pale na kuwa kizibo. Kwenye nchi za baridi kali maji hayo huganda usiku, asubuhi injini ikiwashwa oili sili zinasukumwa nje. Kopo lifungwe kwenye bodi au kwa braketi imara, mbali na turbo na manifoldi ya ekzosi, mahali mkono unapofika kirahisi, maana kopo lisilofikika halimwagwi.

Tundu linalobaki wazi kwenye paipu ya turbo, kwa anayetoa nje, ndilo linaloua injini nyingi. Likiachwa wazi, turbo hunyonya vumbi lisilochujwa na ringi huisha haraka. Likizibwa kwa kitambaa, kipande cha mti au mpira uliosukumizwa ndani, mvuto hukiingiza kizibo kwenye impela. Tumia kofia ya mpira mnene inayovaa kwa nje ya mdomo, na bolti fupi au kizibo cha alumini ndani ya kofia, vyote vikabanwe kwa klipu ya chuma. Kisha vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikisogea, anza upya.

Mpira wa kutoa nje upite nyuma ya injini, ushuke kando ya gia boksi, ufungwe kwenye chasisi kila sentimita 30 kwa klampu zisizoubana, na ukae mbali na paipu ya ekzosi kwa angalau sentimita 15. Usiishie juu ya diski ya breki, tairi, wala karibu na tundu la hewa ya kabini. Mwisho wake ukatwe mshazari wa nyuzi 45, uwazi ukitazama nyuma ya gari ili upepo wa mwendo uvute badala ya kusukuma. Usiufunge filta ndogo ya duara mwishoni. Hulowa oili, hushika vumbi na kuwa kizibo.

Wanaovuka mito wafikirie zaidi. Mdomo wa mpira ukizama sentimita 30 majini, injini inapumua dhidi ya milibari 30. Na injini ya moto ikizimwa katikati ya maji, hewa ya ndani hupoa, husinyaa na kuyavuta maji kuelekea kwenye oili. Kwa gari la kazi hiyo, uishie juu ya chasisi nyuma ya kabini, au baki na kopo la mfumo uliofungwa.

Kopo lenye mpira wa kurudisha oili kwenye sampu linahitaji valvu ya njia moja, vinginevyo gesi ya sampu hupanda kupitia hapo bila kuchujwa. Kwa gari linalozunguka mjini safari fupi fupi, afadhali bomba la kumwagia. Kinachotoka huwa cheupe kama uji, yaani maji, dizeli na asidi vikiwa vimechanganyika na oili, na hakistahili kurudi kwenye injini. Kikusanye kwenye dumu pamoja na oili chafu.

Baada ya kufunga, osha paipu na intakula, kausha kabisa, kwa sababu kiyeyushi kilichobaki humo ni mafuta ya ziada kwa injini. Kisha rudia kipimo cha maji kwenye mizunguko ileile na mlima uleule. Aliyetoa nje ataona usomaji umehama kutoka chini ya sifuri hadi sifuri au juu kidogo, na hilo ni sawa. Ukiongezeka zaidi ya sentimita mbili tatu, au ukizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, mpira ni mwembamba, umejikunja au kopo linabana. Usiliachie gari hadi upate panapobana.

Kopo likaguliwe kila kilomita 1,000 kwa miezi ya kwanza, na kiasi kinachomwagwa kiandikwe. Likishajulikana mwenendo wake, linaweza kufuata ratiba ya kubadilisha oili. Kiasi kikiongezeka ghafla bila mzigo wala safari kubadilika, usianze na kopo. Bana mpira wa vakyumu, chungulia kaboni kwenye mdomo wa oili, na kama ni 1KD au 2KD, panga siku ya kufungua nozeli.